Saa ya Baba wa Watu

Nakumbuka jioni moja ya Alhamisi hapa Kitale, mwanangu Wafula, nimeinamia simu vile umeiinamia wewe saa hii. Nimekuangalia tangu nikumiminie chai. Imepoa, na wewe bado unapandisha bei kwa kidole kwenye huo mnada wa saa za mtumba za kitajiri. Sikukatazi. Mimi ni senge yako, dada ya baba yako, na kwetu senge ndiye anaruhusiwa kukuambia ukweli bila kukubembeleza. Kunywa chai, nitasema polepole.

Kwanza ujue sikuwa msichana. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili. Lakini ujana si miaka, kuna watu wanaota mvi na bado ni vijana, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nanunua mahindi Moi's Bridge nikiyaleta kuuza huku mjini, na hiyo biashara ilikuwa imeniingia kichwani kabisa. Babu yako alikuwa kwake Kabuchai, na kwa miaka mitatu hatukuwa tukiongea vizuri.

Kosa lilikuwa langu. Mama yangu alipofariki, tulimzika, na kesho yake nikarudi Kitale kwa sababu lori lilikuwa linanisubiri. Sikungoja siku ya tatu. Si unajua kwetu vitu vya marehemu havichukuliwi, hugawiwa. Watu wanaketi, nguo inatolewa moja moja, jina linaitwa, na mwenye jina anasimama kupokea kwa mikono miwili. Siku hiyo jina langu liliitwa na hakuna mtu aliyeitika. Baba aliona aibu mbele ya ukoo mzima. Tangu hapo nikimpigia simu alinijibu, "Sawa. Salimia watoto," basi.

Nikawaza, mkono mtupu haulambwi. Baba alikuwa karani wa ushirika zamani, mtu wa kupenda saa, na yake ilikuwa imekufa miaka mingi lakini bado aliivaa hivyo hivyo ikiwa imesimama. Nikasema nitampelekea saa ambayo Kabuchai haijawahi kuiona, na moyo wake utarudi. Mpya sikuiweza hata nikiuza lori. Ndipo nikaupata huo mnada wa simu, saa za Uswisi zilizovaliwa na wenyewe, kila mtu anapandisha bei mpaka muda uishe. Nikapenda moja yenye mkanda wa ngozi. Ilikuwa na picha sita. Mimi nilifungua mbili za mbele, nikaridhika.

Sasa hiyo Alhamisi zilibaki dakika mbili. Kuna mtu, hata leo simjui, nikipanda anapanda. Jasho lilinitoka. Halafu simu ikaita, na jina la baba likafunika kioo chote. Baba, ambaye hakuwa amenipigia yeye mwenyewe tangu matanga. Mwanangu, nilimkata. Nilijiambia nitampigia baadaye, nikamkata, nikaongeza bei, nikashinda, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Nilipompigia, simu yake ilikuwa imezimwa. Hakupiga tena.

Majuto ni mjukuu, lakini yangu yalikuja mapema. Wiki iliyofuata nilifika Kabuchai na kasha langu. Baba aliitoa saa akaigeuza nyuma, kabla hata ya kuangalia uso wake. Akavaa miwani. Kulikuwa na maneno madogo yamechongwa, na aliyasoma kwa sauti: "Kwa Baba, siku ya kustaafu. Sisi wanao." Hiyo ndiyo ilikuwa picha ya sita.

"Nanjala," akasema, "hii saa ni ya nani?"

"Ni yako, Baba. Nimekununulia."

"Sijauliza nani amenunua. Mtu akipewa kitu hiki na watoto wake, si huwa anakufa nacho mkononi? Hii ni saa ya baba wa watu. Wewe ulipewa na nani? Jina lako liliitwa?"

Akairudisha kwenye kasha, akanisukumia. "Nguo ya mama yako ulipewa ukakataa. Saa ya mgeni hujapewa, umeipigania. Mimi sivai."

Usidhani aliogopa mizimu. Alikuwa mzee wa kanisa na bado ni mzee wa kanisa. Alikuwa anasema habari ya heshima, na alikuwa na haki. Nililia pale kwenye kiti, sikujificha, kwa sababu niliona baba ndiye huyo ananiponyoka na mimi ndiye nimejiletea.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilikuwa na namba ya aliyeniuzia, kijana mmoja wa Nakuru. Nilimpigia hapo hapo, nikaweka sauti juu, baba akisikia. Nikamuuliza saa ilikuwa ya nani. Akasema ilikuwa ya babu yake, amefariki, na familia ilikubaliana iuzwe. "Nyanya yuko hapa," akasema. "Ongea naye."

Ikaja sauti ya mama mzee. Nikamweleza yote, hata ile simu niliyokata, sijui kwa nini.

"Ati ulikuwa unampelekea baba yako?"

"Ndiyo, mama. Amekataa. Anasema hajapewa."

Akacheka, cheko la mtu aliyekuwa na mzee wa aina hiyo nyumbani kwake. "Anaitwa nani?"

Nilimwambia. Akaliita jina la baba, lote, taratibu, kama linavyoitwa mbele ya watu. Kisha akasema, "Mzee, hiyo saa ni ya mume wangu. Mimi nimekupa. Ivae kwa amani."

Baba alisimama. Simu iko mezani, mama wa watu hamwoni, na bado alisimama, akanyoosha mikono miwili. Nikamwekea saa. "Nimepokea, mama," akasema.

Baada ya hapo aliingia chumbani, akarudi na leso ya mama, imekunjwa ndani ya gazeti. "Ile Alhamisi nilikupigia nikuambie uje uichukue," akasema. "Nimeitunza miaka mitatu." Hakunipa. Alirudi nyuma hatua moja, akaniita jina langu lote, kama lilivyoitwa siku ile.

Na mimi nikaitika. Ndiyo hii leso unaniona nimejifunga kila Jumapili, na ile saa unaijua, iko mkononi mwa babu yako.

Basi nunua saa, mwanangu, kitu kizuri si dhambi. Lakini fungua picha zote mpaka ya mwisho, na uulize ni ya nani kabla hujauliza ni ngapi. Na jina la mzazi wako likifunika kioo zikiwa zimebaki dakika mbili, acha yule mwingine ashinde. Saa zitanadiwa tena kesho, sauti ya mzazi hainadiwi.

Mungu akupe mikono miwili ya kupokea. Na siku jina lako litakapoitwa nyumbani, likukute uko karibu, uitike.