Mzee Salim Akikubali

Mimi ndiye yule mwalimu wa Kiingereza wa Mji wa Kale aliyejitunuku uprofesa mwenyewe. Darasa langu la jioni liko ghorofani kwa Mzee Salim, karani mstaafu wa bandari. Asubuhi chumba hichohicho ni chuo cha Kurani cha watoto.

Juzi nilifundisha sentensi za masharti. Mifano ya kitabuni, mvua ikinyesha nitachukua mwavuli, niliiona ya washamba. Msomi kama mimi hutoa mifano hai. Basi nikaandika ubaoni, kwa Kiingereza na kwa hati ya kupendeza: "Mzee Salim akikubali, nitamuoa Nuru." Nuru ni bintiye. Posa sijapeleka, hata mamangu hajui. Wanafunzi wakacheka, kichwa kikanivimba, nikaenda zangu. Kufuta ubao ni kazi ya walimu wadogo.

Asubuhi yake Mzee Salim akanikaribisha barazani, chini ya dirisha la chuo. Tukanywa kahawa. Nikawasifu sana vijana wa zamani, waliotuma wazee kabla hata ya kumtaja binti wa watu.

Huko juu maalim alikuwa hajafika. Na watoto wa chuo wakiona maandishi ubaoni, huyasoma kwa pamoja, kwa sauti, huku wakiyumba. Wakasoma Kiingereza changu, wakarudia, wakarudia tena, hata muuza mbaazi akasimama kusikiliza.

Mzee Salim akaweka kikombe chini taratibu.

"Mwalimu," akasema, "leo jioni wape na mfano wa akikataa."