Risiti kwa Jina la Mume

Dada yangu ni fundi wa nguo, na kwa sare za shule hana mpinzani mtaani kwetu. Aliishi miaka kumi na saba na bwana tuliyemwita Mheshimiwa, mtu aliyekuwa tayari kufa na tai shingoni kuliko kushika kazi ya mikono. Simpendi, na sitamumunya maneno.

Cherehani zote nne, pamoja na ile ya ovaloki inayomalizia pindo, alizinunua dada. Lakini kila muuzaji alipouliza risiti aiandike jina la nani, dada alitaja la mumewe. Mara ya tatu nilishindwa kunyamaza.

"Kwani jina lako limeoza?"

"Mdogo wangu, yeye ndiye baba wa nyumba. Nikijiandika mimi, watu watasema namkalia kichwani."

Mkopo wa kuzinunulia ulitoka kwenye kikundi chao cha akina mama. Huko jina lilikuwa la dada, maana Mheshimiwa hakuona hadhi yake ikimruhusu kukaa na wanawake kuzungumzia madeni.

Mheshimiwa alipopata mwanamke mwingine, akadai talaka, akaja mahakamani na faili. Risiti nne, zimenyooka utadhani zimepigwa pasi. Dada alikuja na mimi na wateja wawili. Hakimu, mama mtu mzima, alizitazama risiti, kisha akamtazama Mheshimiwa.

"Sare moja ya mtoto wa darasa la kwanza inakula mita ngapi za kitambaa?"

Mheshimiwa akakohoa. "Mheshimiwa hakimu, hayo ni mambo ya mama watoto."

Watu wakacheka. Hakimu akaamua kwamba mali na deni vyote vilipatikana ndani ya ndoa: cherehani mbili kwa mbili, deni nusu kwa nusu. Nani achukue ipi, wakubaliane wenyewe. Dada, ili yaishe, akamwachia achague kwanza! Akabeba ovaloki na ile kubwa ya umeme. Hata hivyo tulirudi nyumbani tukijiona washindi.

Mwezi uliofuata Mheshimiwa alizima simu na kuhama. Mwenyekiti wa kikundi akaja, akaketi kwenye kiti cha wateja, akaisoma hukumu mpaka mwisho.

"Shoga yangu, karatasi nimeiona. Lakini sisi hatukumkopesha mumeo. Tulikukopesha wewe."

Nilimjia juu. Dada akanishika mkono. Wanawake wale ndio waliomdhamini. Asingelipa yeye, wangekatwa akiba zao. Walizichukua zile cherehani mbili zilizobaki huku mmoja wao akilia, na mimi machozi yake hayakunigusa hata kidogo. Nina hasira mpaka leo. Nusu ya deni lile haikuwa yake, na hakimu alishasema hivyo mbele ya watu.

Sasa dada ameajiriwa, analipwa kwa kila gauni. Siku ya kwanza nilimsindikiza. Tajiri wake mpya, mama mchangamfu, alituonyesha kwa fahari mashine mbili alizopata kwa bei ya kutupa, kwa bwana mmoja mwenye tai. Dada akaketi kwenye ile ovaloki, akaipitishia nyuzi zote bila hata kuinama kutazama.

"Una mkono mwepesi!" tajiri akashangaa. "Umewahi kutumia ya aina hii?"

"Nimewahi, bosi," dada akajibu, kisha akauliza mkoba wake auweke wapi.