Kifaa Nilichomnunulia Mama Mkwe

Ofisini kwetu Buhongwa mtaalamu wa TV ni mimi. Hakuna aliyenipa cheo hicho, nilijipa. Kwa wiki mbili niliwachosha wenzangu na habari za vile vifaa vidogo vya kuchomeka nyuma ya TV ili ioneshe mambo ya mtandaoni: kipi ni nafuu, kipi kinagandaganda. Mwishowe nikanunua kimoja Kirumba. Kukifunga nilimwita fundi, maana utaalamu wangu unaishia mdomoni.

Fundi alikuja Jumamosi, na mama mkwe wangu naye alikuwa amefika kutoka Misungwi.

Juu ya TV yetu kunaning'inia kitambaa alichokifuma yeye mwenyewe, na tangu tuinunue hakuna aliyethubutu kukisogeza. Rimoti ya TV iko kabatini ndani ya nailoni yake, kwa sababu sisi tunatumia ya king'amuzi tu.

Fundi akakunja kitambaa apate pa kuchomeka. Chini yake, pembeni, kulikuwa na stika ya dukani. Akaisoma, akaomba ile rimoti, akabonyeza mara moja. Menyu nzima ya mtandaoni ikatokea.

"Bosi, hii TV yako ni smart. Haihitaji kifaa."

Mama mkwe akanigeukia. "Sasa hicho ulichonunua ni cha nini, baba?"

"Nimekununulia wewe, mama," nikasema haraka.

Akakipokea kwa mikono miwili.

"Asante, mwanangu. Na TV ya kukichomekea utaniletea lini?"