Keram ya Kugombea Fizikia

Baba yangu alikuwa fundi wa mafriji, na kwa keram hakuwa na mwenzake mtaani kwetu, Mji Mkongwe. Kila alasiri akitoka kazini huoga, huvaa kikoi, huenda barazani, na magharibi hurudi kashinda. Nyumbani tulishachoka kusikia.

Mwaka wa kuchagua masomo ya kidato cha tatu, fomu ilitaka saini ya mzazi. Mimi nilitaka fizikia. Baba alitaka nisome lugha niongoze watalii kama dada yangu, ambaye Kitaliano chake kilikuwa kikimlisha vizuri. "Fizikia utaila?" aliniuliza. Mimi nna kichwa kigumu, sikatai. Nikamjibu kuwa hata hiyo keram yake ni fizikia tupu, na anayeijua fizikia atamfunga. Mama aliacha kupepeta mchele akanitazama.

Baba alicheka mpaka akakaa chini. "Haya, bibi we. Ijumaa baada ya alasiri. Ukinifunga, ntatia saini. Nikikufunga, unasoma lugha, na sitaki kulisikia tena neno hili."

Siku tatu sikulala vizuri. Keram mchezo wake ni mwepesi kuuelewa: ubao wa mraba wenye tundu kwenye pembe nne, na kila mtu ana kete tisa. Unaisukuma straika, yaani kidude cha kupigia, kwa kidole, inagonga kete yako, kete inaingia tunduni. Straika yenyewe ikizama, umekosa: unarudisha kete moja ubaoni na zamu inapita. Kitabu changu kilichora mipira miwili inayogongana uso kwa uso: wa kwanza unasimama palepale, wa pili unaondoka na kasi yote. Kikasema tena kuwa msuguano hula mwendo. Basi mimi nikaona nshamaliza kazi. Nitauondoa msuguano, nitapiga sawasawa, straika itasimama, kete itazama.

Mtoto wa kike hachezi barazani kwa wanaume, kwa hiyo Ijumaa ile baba aliubeba ubao kichwani akauleta ukumbini kwetu, akauweka juu ya ndoo, na mama akaacha mchele wake aje kutazama. Nikachukua kopo la poda ya mama nikalimwaga karibu lote juu ya ubao ili uteleze.

"Mwanangu, tunacheza keram au tunasukuma chapati?" baba aliuliza.

Kete yangu ya kwanza ilikwenda moja kwa moja tunduni. Straika, ambayo kwa mujibu wa kitabu ilitakiwa isimame, ikaifuata nyuma taratibu, ikazama na yenyewe. Zamu ya pili, hivyo hivyo. "Mbio za sakafuni huishia ukingoni," alisema baba, huku akipangusa poda kwa kiganja upande wake kabla hajapiga. Nilikasirika hata sikujiuliza anapangusa nini. Alipomaliza kete zake zote tisa, mimi nilikuwa nimebakiwa na saba.

Nilinuna, nisiseme uongo, na machozi yalikuwa karibu. Nikawa nnachezea tu, straika mkono huu, kete mkono huu. Ndipo nikauona upumbavu wangu. Mipira ya kitabuni ilikuwa na uzito sawa. Straika ni nzito kuliko kete.

Nikaanza kusema bila ya kuulizwa. Nikachukua kete nikaigongesha kwa kete mwenzake, na ile ya kwanza ikasimama kama kitabuni. Nikaeleza kuwa kizito kikigonga chepesi hakisimami, kinabakiwa na mwendo na kinaendelea mbele. Ubao ukiwa na poda kidogo tu, msuguano huumaliza mwendo ule uliobaki, na straika husimama kabla ya tundu. Mimi nimemwaga kopo zima, sasa nani wa kuisimamisha? Nikapangusa ubao, nikapiga. Kete ikazama, straika ikasimama shibiri moja kabla ya tundu.

Baba hakucheka. Aligongesha kete kwa kete, ikasimama. Akarudia. Kisha akapiga kwa straika, akaitazama inavyosogea.

"Miaka yote hii," alisema polepole, "mkono wangu unapangusa poda, na mimi mwenyewe sijui kwa nini unapangusa."

"Lakini nshafungwa, baba," nilisema.

"Umefungwa, tena vibaya. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Lete hiyo fomu."

Nilidhani anataka kuichana. Aliilaza juu ya ubao, akaandika jina lake kamili kwa herufi kubwa kama anavyoandika risiti za mafriji, akatia saini, karatasi yote ikachafuka poda. Mama akarudi kwenye mchele wake huku anatabasamu. Mimi niliruka kwa furaha.

Baba akaisogeza fomu pembeni, akaipanga straika karibu na ukingo wa ubao.

"Na ikigonga ubavuni," akaniuliza, "inajuaje pa kurudi?"