Baiskeli Iliyogawanywa

Kwetu Arima, mji mdogo wa kisiwani, mpanda baiskeli wa mashindano akistaafu, baiskeli yake haiuzwi. Inawekwa juu ya meza ya klabu, inafunguliwa nati moja moja, na kila kipande anapewa asiyekuwa nacho. Huyu anaondoka na pedeli, yule na usukani. Tulikuwa maskini, vifaa vilitoka Uingereza kwa meli, na tulizoea kusema chuma hakizeeki. Ukitaka kurudishiwa kipande huwezi kukinunua. Umpelekee aliyenacho kitu kingine kitakachofanya kazi ileile ambayo kipande hicho kinafanya siku hiyo, hata kama kazi yenyewe ni kufungia lango la mbuzi.

Kwa hiyo Verlyn Joefield alipoingia karakanani kwangu asubuhi moja na kuniomba nimtengenezee mpini wa pipa la kuzungushia aiskrimu, nilijua anataka kurudishiwa krenki ya baiskeli, ule mkono wa chuma unaoshika pedeli. Nisichojua ni kwa nini.

Mimi naitwa Sookram, kazi yangu kuchomelea vyuma, na nyumba ya Verlyn na mumewe Hollis inapakana na yangu. Sipendi jambo lipite mbele ya mlango wangu bila kunisalimu. Nikamuuliza mpini ni wa nani. Akasema wa Boysie Guevarra. Nikamuuliza krenki ni ya nani. Akasema, "Sookram, wewe umeombwa mpini au umeombwa maswali?"

Nikatengeneza mpini. Siku ya pili akaja na krenki imefungwa kwenye gazeti, bado inanuka maziwa na vanila, na hapo ndipo nilipoitambua. Ilikuwa ya baiskeli ya Hollis.

Lazima niseme kidogo juu ya Verlyn, maana ukimwona leo, mama mwembamba mwenye miwani puani na miwani mingine kichwani, anashona sare za shule na kugombana na watoto wanaokua haraka, huwezi kudhani kwamba zamani kisiwa kizima kilikuwa kinamjua. Tairi za mashindano wakati ule zilikuwa za kushonwa. Mpira wa ndani unafungiwa ndani ya kitambaa, kitambaa kinashonwa kuzunguka kote, kisha tairi zima linagandishwa kwenye rimu kwa gundi. Likitoboka, mtu afumue, azibe, ashone tena, na mshono ukipinda kidogo tu tairi linaruka kila linapogusa ardhi. Baba yake Verlyn alikuwa fundi viatu, naye akaurithi mkono wake. Watu walitoka San Fernando na tairi mabegani kama mikufu, wakakaa barazani kwake wakila mkate wa kukaanga na chewa wa chumvi, wakisubiri zamu.

Halafu ikaja ile Jumatatu ya Pasaka. Hollis alikuwa wa pili kwenye fainali, uwanja wa nyasi, kona ya mwisho. Baiskeli ya uwanjani haina breki, na gia ya nyuma imefungwa moja kwa moja na gurudumu: gurudumu likizunguka, miguu nayo izunguke, utake usitake. Ukitaka kupunguza mwendo unakaza miguu kurudi nyuma. Aliyekuwa mbele akayumba, Hollis akakaza miguu, tukamwona ameanguka. Baiskeli iliburuzwa kwenye nyasi, na iliposimama tairi la nyuma lilikuwa limechomoka kwenye rimu, limelala peke yake kama ngozi ya nyoka. Uwanja mzima uliliona.

Nyonga ya Hollis ilivunjika, na mashindano yakaishia hapo. Kabla hajatoka hospitali, Arima nzima ilikuwa imeshasema: tairi la mkewe ndilo lililomwangusha. Hakuna aliyemwambia Verlyn usoni. Waliacha tu kumletea tairi. Mimi naona ingekuwa afadhali wangemtukana, maana tusi unaweza kulijibu. Baraza likabaki tupu, akaanza kushona sare. Baiskeli nayo ikagawanywa wiki ileile, kwa sababu Hollis alituma neno kutoka kitandani kwamba igawanywe upesi, hataki kuikuta. Tulimwonea huruma, tukaigawa.

Sasa baada ya miaka yote hiyo, watoto wameolewa, wajukuu wanavaa sare za bibi yao, Verlyn anaikusanya tena.

Usukani tuliukuta Sangre Grande. Mzee mmoja alikuwa ameutundika barazani, unaning'iniza vizimba vya ndege wake wa kuimba, kimoja kila upande. Alikataa katakata. Alisema ndege wake wamezoea mpindo ule, akiwabadilishia watanyamaza na mashindano ya kuimba yako karibu. Verlyn akakaa naye, akasikiliza ndege, akawasifu, mwishowe nikatumwa nikapinde bomba jingine kwa kipimo kilekile. Nililipinda mara mbili, maana la kwanza mzee alisema linawakunjia ndege uso. Fremu yenyewe ilikuwa darini kwangu, naona haya kusema nilikuwa nimeisahau. Foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ilikuwa lango la mbuzi kwelikweli, kijijini Valencia, na mbuzi alinipiga pembe wakati nafunga lango jipya. Siti ya ngozi ilipatikana kwenye kigoda cha kinyozi. Cheni, ile nene ya zamani isiyopatikana tena madukani, ilikuwa imefungia mbwa.

Kila kipande alikiosha kwa mafuta ya taa, akakisugua kwa majivu na mswaki, akakipaka grisi, akakifunga mahali pake. Alikataa mpya. Nilimwambia pedeli kama zile naweza kumpatia bora kuliko zile, akaniangalia kama nimetukana mama yake. Alitaka zilezile.

Mtaani kila mtu alikuwa na lake. Wengine walisema kuna Mwingereza anayekusanya baiskeli za kale. Mke wangu alisema Verlyn anamwandalia mumewe zawadi ya uzeeni. Hilo niliona lina akili, nikaanza kumtazama Hollis. Alikuwa anashinda barazani kwenye kiti chake na fimbo yake, na baiskeli inakua mbele ya macho yake, leo ina foku, kesho ina usukani. Pelau, wali wetu wa Jumapili, akawa anaila nusu. Nikajiambia, masikini, furaha imemjaa hadi tumboni. Akili zangu hizo.

Siku moja akaniita ukutani. "Sook, amebakiza nini?"

"Gurudumu la nyuma tu, kaka. Alipewa Rampaul wa Caroni."

"Rampaul si amekufa?"

"Yeye amekufa. Gurudumu halijafa."

Akatikisa kichwa, akaingia ndani, na mimi nikacheka peke yangu kwa utani wangu.

Rampaul hakuwahi kulipanda gurudumu lile, aliacha mashindano mwaka aliopewa. Mjane wake alikuwa amelifunga juu ya nguzo, kamba ya kuanikia nguo inapita kwenye rimu, anavuta huku nguo zinakwenda kule. Nikamfungia kapi jipya la chuma. Alilijaribu kwa shuka zilizolowa, akaridhika, akatukabidhi gurudumu na maembe juu.

Njiani Verlyn hakuliachia gurudumu. Alikuwa amelilaza mapajani, anachungulia katikati yake. Tulipofika karakanani akaniomba mafuta ya taa, akasugua habu, ule mtima wa gurudumu unaoshika spoki, hadi kutu ikayeyuka. Kisha akavua miwani ya puani akavaa ya kichwani.

"Angalia hapa. Niambie unaona nini, usinifurahishe."

Nikaangalia. Gia ya nyuma ilikuwa imekwama kwa kutu, lakini haikuwa mahali pake. Ilikuwa imefunguka nusu. Nikaifungua yote, nikachungulia chini yake. Habu ya uwanjani ina ngazi mbili za hesi, ile mifereji ya kukazia nati: moja ya gia, na nyingine ndogo, iliyokatwa kinyume, ya pete ya kufungia. Ukikaza miguu nyuma, gia inataka kufunguka, na pete inaizuia, kwa kuwa yenyewe inakaza upande huohuo. Hii ilikuwa na ngazi moja tu. Ilikuwa habu ya baiskeli ya kawaida, ya kwendea sokoni, na pete yake ilikuwa imeokotwa kwingine, hesi zake zinaelekea kulekule kwa gia. Mtu akikaza miguu, vyote viwili vinafunguka pamoja, na miguu inakosa cha kushika.

"Dada Verlyn," nikasema, "hii si ya mashindano. Aliyefunga hii alikuwa anatafuta kifo."

"Gurudumu hili Hollis alilifunga mwenyewe," akasema. "Hakuruhusu mtu aliguse."

Akakaa juu ya ndoo yangu. Kisha akatoa kikapuni mwake mfuko wa unga uliokunjwa, na ndani yake lilikuwemo tairi. Lilelile la fainali. Raba imepasukapasuka, lakini mshono mpya. Akaniambia amekuwa akilifumua na kulishona miaka yote, Hollis akiwa amelala mchana, anatafuta kosa lake. Kila akilifumua halioni, na kila asipoliona anajiambia, basi ni mkono wangu wote ndio kosa, hadi mwaka huu alipowaza kuikagua na baiskeli yenyewe. Nilikuwa nimeishi ukutani kwake miaka hiyo, na pua yangu ndefu, na hilo sikulijua. Lilinichoma.

Akanifanya nikaze gia na pete kwa nguvu zangu zote, kama alivyofanya mwenye kuifunga. Tukaunganisha baiskeli nzima. Ilikuwa nzuri, Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri kuliko siku ya fainali. Tukaipeleka barazani.

Hollis alikuwa na kikombe chake cha kakao. Verlyn aliniambia nibane gurudumu la nyuma kwa mikono miwili, nisiliachie. Akashika pedeli.

"Hollis, kaza nyuma."

Hakuinuka. Verlyn akaikandamiza pedeli mwenyewe, kurudi nyuma, mkono kisha uzito wote wa mwili. Ikashika. Akasukuma tena. Kitu kikalia ndani ya habu, pedeli ikaachia, ikazunguka nyuma bure, nyepesi, na gurudumu mikononi mwangu halikutikisika.

Nilimwangalia Hollis. Alikuwa anaitazama pedeli, kikombe bado mkononi.

"Habu yangu ilipasuka Alhamisi Kuu," akasema. "Spoki zilikuwa zinang'oka nayo. Ya kuazima hakuna. Nikasema ni mbio moja tu, Lyn. Mbio moja, na wala sitakaza miguu."

"Na tairi?"

"Nilipoamka hospitali nilikuta limeshasemwa."

Verlyn akaifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. Mimi nilitaka kuondoka, nikabaki nimeshika gurudumu.

"Kila asubuhi unaamka kwenye kitanda changu, Hollis," akasema. "Ulikuwa unasubiri kuamka mara ngapi?"

Akatoa machozi ya kizee, yale yanayotoka bila uso kubadilika. Verlyn hakumpa leso. Alimwambia kwamba yeye hataki kulia, anataka Jumapili. Jumapili klabu inakutana, na walikosemea watu, Hollis naye atasemea hukohuko.

Jumapili ile sikuikosa, hata homa isingenizuia. Wazee wote walikuwepo, Boysie Guevarra na aiskrimu yake, na mzee Lezama, mweka vifaa wa klabu, ambaye bado anahudumia tairi za kushonwa za vijana wachache wanaopenda mambo ya kale. Hollis alisimama na fimbo mkono mmoja na gurudumu mkono mwingine. Alianza kueleza hesi na ngazi, akachanganya, watu wakaanza kunong'ona. Verlyn, aliyeketi nyuma karibu na mlango, akamwambia aache ufundi aseme. Akasema.

"Tairi lilikuwa zima."

Guevarra aliacha kuzungusha mpini. Hollis akarudia, mara hii bila kuangalia chini, kwamba tairi la mkewe lilikuwa zima, limechomoka baada ya yeye kuanguka, na kwamba alijua. Mtu mmoja akatukana taratibu kwa Kifaransa cha bibi zetu. Hakuna aliyempigia makofi, na sioni kwa nini wangempigia.

Siku chache baadaye mzee Lezama alisimama barazani kwao na tairi begani. Nilikuwa ukutani, nakata majani ambayo hayakuhitaji kukatwa. Hakuomba radhi, hajui jinsi ya kuomba. Alisema tu lina tundu upande wa vali, na kwamba yeye hana haraka.

Verlyn alilipokea, akalipapasa kote, akafumua mahali padogo. Akachukua sindano na uzi. Uzi ukapita pembeni. Akabadilisha miwani, ukapita pembeni tena. Akabadilisha mara ya tatu, kisha akaiweka sindano mapajani.

"Umechelewa, mzee Lezama," akasema. "Mkono upo. Macho ndiyo hayapo, hata cherehani ya sare natungiwa uzi na wajukuu."

Lezama akatazama kofia yake. Hollis akajikokota na kiti chake hadi karibu, nyonga ileile ikimuuma, nikakisikia kikikwaruza sakafu. Akachukua sindano mapajani kwa mkewe, akaulamba uzi, akaitunga, akafunga fundo, akamnyooshea.

Verlyn aliipokea bila kumshukuru, akaanza kushona.