Kola Isiyochafuka

Kila nikikata sabuni ya mche, harufu yake hunirudisha kwenye mfereji wetu wa mtaa wa Jericho, mama ameinama akifua sare za shule. Kola yangu aliisugua huku akininung'unikia. Ya mdogo wangu aliisuuza tu.

"Huyu wangu mdogo ni msafi, hata jasho hana," aliwaambia majirani, nami nikaona wivu.

Lakini jua likiwaka, mdogo wangu alichemka mwili mzima, akaacha mchezo, akaja kulala kwenye simiti ya jikoni. Kila tulipompeleka hospitali, tulipewa dawa ya malaria. Mpaka daktari mmoja alipomtazama meno yake machache yaliyochongoka, akauliza, "Mama, mtoto huyu hutoka jasho?"

"Hajawahi. Kumbe ni ugonjwa? Na vile nimejisifu."

"Ni ugonjwa nadra wa jasho na meno, amezaliwa nao. Hauponi, lakini maji yatampoza badala ya jasho. Loweka shati lake, umwache acheze."

Kesho yake alicheza pamoja nasi mpaka tukaitwa chai, shati likidondosha maji, vumbi likigeuka tope shingoni. Mama aliishika kola ile, nyeusi tititi, akaisugua taratibu huku akiimba.