Nilivyokwenda Shelui Kumchukua Rahel

Niliondoka Kisumu kwa sababu ya barua. Kaka yangu alikuwa amekwenda Tanganyika kuchimba dhahabu karibu na Shelui, akaoa huko huko kwa Wanyiramba. Mkewe alifariki kwanza, na sasa barua ilisema naye amekufa kwa kichomi. Ameacha binti wa miaka sita, jina lake Rahel, anayelelewa na mjomba wake. Aliyeandika ni huyo mjomba, Msengi. Mimi ni mkunga, mjane, na sikujaliwa mtoto. Nusu ya watoto wa mtaa wetu wamepita mikononi mwangu kwenda kwa mama zao. Niliisoma ile barua mara tatu, kisha nikaanza kushona magauni ya kukisia.

Siku ya kwanza na ya pili nilikuwa melini. Nilikaa daraja la tatu juu ya mzigo wangu, na kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba nakwenda kumchukua yatima wetu. Wote walinisifu. Sifa zikanikolea, nikawa nasema hata kwa wasiouliza.

Kutoka Mwanza nilipanda treni hadi Shinyanga, na kutoka hapo lori la duka lililobeba chumvi na mabati. Nchi ilizidi kuwa kavu na pana. Watu walikuwa wapole, lakini kila tulipotua kupumzika walirudi kwenye lugha yao, nami nikabaki natazama midomo tu. Sijapata kunyamaza siku nyingi namna ile. Mtu akiwa kwao hajui kwamba kuongea ni chakula.

Shelui tulifika siku ya sita, mchana. Msengi alikuwa ananingoja kando ya barabara. Ni mtu mrefu, mkulima, mwenye kusema kidogo. Tulitembea kama saa moja kuelekea vilimani hadi kwake, na mkewe, Mama Yona, akatoka kunipokea mzigo. Nyuma yake alikuwa Rahel. Alikuwa na paji la uso la kaka yangu.

"Shikamoo," akasema.

"Sijambo, mwanangu," nikajibu, na kutaka kumkumbatia. Hakusogea. Alisimama vile vile, anangoja.

"Sema marahaba, dada," Mama Yona akaninong'oneza. "Mtoto hawezi kuondoka hujamjibu."

Nikasema marahaba. Rahel akaondoka papo hapo.

Jioni hiyo, baada ya ugali wa uwele na mlenda, nilieleza nilichokuja kufanya. Msengi alisikiliza hadi mwisho.

"Shemeji, kwetu mtoto ni wa mjomba wake," akasema. "Hata baba yake angekuwa hai, mimi ningeulizwa. Lakini wewe umevuka ziwa kwa ajili ya huyu. Sitamfungia mlango. Kaa naye. Siku ya kuondoka, akikufuata kwa miguu yake mwenyewe, mchukue."

Siku kumi nilikaa pale. Rahel alijua Kiswahili cha salamu tu, nami Kinyiramba sikujua hata neno moja. Nilimvisha gauni, likawa kubwa. Nilipalilia karanga pamoja nao, nikasuka nywele zake, nikamwimbia nyimbo za kwetu, naye alitulia kama mtu anayenyolewa. Nilipomaliza alinishukuru vizuri, akakimbilia jikoni kwa Mama Yona. Humo wakaanza kucheka. Walipokumbuka kwamba nipo, waligeukia Kiswahili kwa ajili yangu, na hapo kicheko kikaisha. Niliona wivu, tena wivu mbaya.

Asubuhi ya kuondoka nilifunga mzigo bila matumaini. Mama Yona alinipa kikapu cha karanga na kibuyu cha asali. Nilipogeuka, Rahel alikuwa amekwisha jitwika kile kikapu, amevaa gauni langu, anatangulia njiani. Sikuamini macho yangu. Msengi alichukua kibuyu, tukamfuata.

Njia nzima nilikuwa na furaha ya kitoto. Nilipanga atakavyolala melini upande wa ndani asipigwe na upepo. Nilimtafutia na jina la pili, jina la mama yangu. Nilimhurumia hata Mama Yona, nikaahidi moyoni kumwandikia.

Shelui lori lilikuwa tayari. Rahel alikishusha kikapu, akanikabidhi kwa mikono miwili, akapangusa viganja kwenye gauni.

"Safari njema, shangazi. Karibu tena," akasema. Ni dhahiri alikuwa amefundishwa maneno hayo, na alikuwa ameyashika vizuri. Alingoja nimjibu. Niliposema asante, akageuka akashika njia ya nyumbani.

Alikuwa amenisindikiza. Na kwetu pia tunafanya hivyo hivyo! Mimi mwenyewe nimebeba mizigo ya wageni wangapi nilipokuwa mdogo, na kuwarudishia njiani. Lakini nilikuwa na hamu mno ya kumpata, sikuona kilichokuwa mbele yangu.

Msengi alikuwa ameelewa. "Nimwite?" akauliza taratibu. "Nikimwambia apande, atapanda. Ni mtoto mtiifu."

Nilijua atapanda. Nilimtazama anavyokwenda, hatua za mtu mwenye kazi inayomngoja, na gauni linaburuzika visiginoni.

"Mwache, shemeji," nikasema. Kisha nikalia mbele ya watu wote wa lori.

Kurudi kulikuwa kurefu kuliko kwenda. Kwenye meli mama mmoja aliniomba nimshikie mtoto wake akanawe uso. Nilikataa, na hadi leo naona aibu.

Kisumu nilifika jioni. Jirani yangu alikuja mbio na bakuli la uji aliompikia mgeni mdogo. Akatazama nyuma yangu, akatazama mlangoni.

"Yuko wapi?"

"Yuko kwao."

"Masikini! Yatima mzima wamemng'ang'ania wa nini, hana baba hana mama?"

Safari nzima nilikuwa nimesema maneno kama hayo, na sasa yaliniuma kuyasikia. "Ana watu," nikamwambia. "Ana mjomba, ana mama anayecheka naye. Asiye na mtu ni mimi. Ndiyo maana nilikwenda."

Alivuta kigoda, akaketi, akanipa ule uji.